Lithiamu za bei nafuu kwenye boti: ukibadilisha betri, badilisha na njia ya chaji

NahodhaWaKusi (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Swali la betri za lithiamu linaniandama kila ninapotia nanga, na majibu ya kusimama ufukweni hayatoshi. Naliweka hapa lote. Mwenye swali aulize, mwenye ujuzi zaidi aongeze, maana jambo hili likifanywa nusunusu linaweza kuunguza boti.

Nazungumzia betri za matumizi ya ndani: taa, friji, redio, pampu ya ngama (ya kutoa maji chini ya boti), feni, chaji za simu za wageni. Betri ya kuwashia mashine yangu bado ni ya maji, yaani ya risasi, na itabaki ya maji. Sababu nitaitoa chini.

Boti ni ya mbao, imeundwa Nungwi, mashine ni Yanmar ya ndani yenye altaneta (jenereta ndogo inayozungushwa na mashine) ya ampia 60, na juu ya paa kuna sola mbili za wati 200. Mchana tunapeleka wageni Mnemba, na bahari ikiruhusu tunavuka kwenda Pemba na kulala huko. Hizo safari za kulala ndizo zilizonifanya nihame. Friji ya volti 12 inavuta ampia 4 hadi 5 inaponguruma, na kwa joto letu inanguruma karibu nusu ya siku nzima, yaani Ah (ampia-saa) 50 hadi 60 mchana na usiku. Ongeza taa, redio ya VHF, GPS, pampu na feni, unafika Ah 110 mpaka 120 bila mtu kufanya anasa yoyote.

Nilikuwa na betri mbili za maji, aina ya N150. Kwa maandishi ni Ah 300, lakini betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua, kwa hiyo za kutumia ni 150. Zikiwa mpya zinatosha. Ila hazikai mpya. Betri ya risasi inataka ijae kabisa, na ile sehemu ya mwisho inaingia kidogo kidogo, masaa manne au matano hata jua likiwa kali. Jua linazama betri haijajaa, usiku unaitumia tena, kesho hivyo hivyo. Salfeti inaganda kwenye sahani na uwezo unashuka. Juu ya hapo kuna joto: mafundi wa betri wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi unakatika karibu nusu. Chini ya sitaha mwezi wa Februari, hakuna mtu wa kutuambia habari za nyuzi 25.

Lithiamu ninayoisema ni LiFePO4, ya fosfeti ya chuma. Hii haidhuriki kwa kukaa nusu, na kwa kweli inapenda kukaa nusu kuliko kukaa imejaa. Unaweza kutumia asilimia 80 hadi 90 ya kilichoandikwa, inapokea chaji kwa kasi ile ile karibu mpaka mwisho, na volti zake haziporomoki: friji ikianza usiku wa manane taa hazififii. Ya Ah 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 12. Mbili zangu mtu mmoja anazibeba, moja kila mkono. Zile N150 tulikuwa tunazishusha watu wawili kwa kamba.

Sasa bei. Betri za Kichina za Ah 100, kama LiTime, Redodo au Eco-Worthy, zinauzwa kwenye maduka yao ya mtandaoni chini ya dola 300, mara nyingi chini zaidi. Usafiri na ushuru ni juu yako. Jueni kwamba tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo zimepigwa marufuku kwenye ndege za abiria, kwa hiyo mpango wa jamaa kukubebea kwenye ndege usahauni. Zinakuja kwa kontena, na muulizeni muuzaji karatasi ya UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa kusafirisha betri za lithiamu. Asiyekuwa nayo msinunue kwake.

Nimezifungua kwa app ya Bluetooth, nimezipima kwa mzigo, na zinatoa Ah zilizoandikwa. Kwa upande wa betri sina malalamiko. Ninachotaka kusisitiza, na ndiyo sababu ya uzi huu, ni kwamba betri hizi zinatangazwa kuwa ni za kutoa na kuweka: toa ya zamani, weka mpya, funga nati. Kwenye nyumba yenye sola pengine. Kwenye boti yenye altaneta, HAPANA.

Kwanza, altaneta. Betri ya risasi inapoanza kujaa inaikataa chaji yenyewe, na altaneta inapumzika. Lithiamu haikatai. Inavuta kila kinachotoka, dakika baada ya dakika, kwa saa nzima au zaidi. Altaneta iliyoandikwa ampia 60 haikuundwa kutoa 60 mfululizo ndani ya chumba cha mashine chenye joto, tena mashine ikiwa inakwenda polepole na feni ya altaneta haizunguki vya kutosha kujipoza. Vanishi ya koili inaungua, dayodi zake (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) zinafuata.

Pili, BMS. Ndani ya kila betri kuna bodi inayolinda seli. Seli moja ikifika volti 3.65, au joto likizidi, bodi inakata njia papo hapo bila kumuuliza mtu. Ikiwa wakati huo altaneta inasukuma ampia 50, umeme unakosa pa kwenda na volti zinaruka juu ghafla. Mruko huo ni wa muda mfupi sana, lakini unatosha kuua dayodi za altaneta, na ukienda mbali zaidi unaondoka na redio na GPS.

Dawa ya yote mawili ni moja: altaneta ibaki imefungwa kwenye betri ya kuwashia, ambayo ni ya risasi, na kati ya hiyo na lithiamu weka chaja ya DC-DC, inayochukua umeme wa betri moja na kuchaji nyingine kwa kiwango chake tu. Yangu ni ya ampia 30, nusu ya uwezo wa altaneta. Altaneta haijui kabisa kama kuna lithiamu ndani ya boti, na BMS ikikata, betri ya risasi ipo kumeza ule mruko. Ndiyo maana nimesema ya kuwashia itabaki ya maji. Kama boti yako ina rilei ya kuunganisha betri mashine ikiwaka, ing'oe. Kama ina swichi ya 1, 2 na ZOTE, ile nafasi ya ZOTE isiguswe tena mashine ikiwa inawaka, au bora uibadilishe swichi kabisa.

Tatu, fyuzi. Betri ya LiFePO4 ikipigwa shoti inaweza kutoa maelfu ya ampia kabla BMS haijaamka. Fyuzi ya kawaida ya gari inaweza kukatika halafu moto ukaendelea kuruka pale ilipokatikia. Tafuta ya Class T, inayoweza kukata mpaka ampia 20,000, na uifunge karibu na temino ya chanya kadiri nafasi inavyoruhusu. Kila betri na fyuzi yake.

Hivyo vitu, yaani chaja ya DC-DC, fyuzi, shanti ya kupimia umeme unaoingia na kutoka, waya mnene wa shaba iliyopakwa bati na lagi zake (vichwa vya kufungia waya), vilinigharimu karibu sawa na betri zenyewe. Anayepanga bajeti apange hivyo. Unafuu wa betri ndio unaolipia ulinzi wake.

Karibuni.

---

MzeeWaNgama

Nahodha, maelezo mazuri na nimeyasoma yote. Lakini mimi N150 naipata mjini leo hii, nafunga jioni. Ikifa nawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, risasi ina bei, napata cha kuongezea kwenye nyingine. Hiyo ya kwako ikifa nampelekea nani? Na hao mafundi wa DC-DC wako wapi?

---

NahodhaWaKusi

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni ya kweli na sitaki kuipindisha. Boti yako najua inatoka asubuhi na kurudi alasiri, haina friji, haina mtu wa kulala. Kwa kazi hiyo betri ya risasi inatosha: altaneta inaijaza njiani na inalala imejaa. Hata mimi ningebaki nayo.

Hesabu inabadilika pale unapokuwa na mzigo wa usiku na sola ya mchana, ambapo betri haipati nafasi ya kujaa. Hapo risasi inakufa mapema hata iwe ya kampuni gani. Na kuhusu ikifa: mara nyingi kinachokufa ni bodi ya BMS, seli zikiwa bado nzima, na fundi anayejua anaweza kubadilisha bodi, ila kuna betri ambazo boksi lake limegundishwa na kulifungua ni kulikata.

---

FundiWaMtwapa

Salamu kutoka Mombasa. Naongezea kwa niliyoyaona kwa macho, kwa sababu kuna watu watasoma hapo juu na kusema mleta uzi anatisha watu.

Niliitwa kwenye katamarani moja Kilifi, mwenyewe amefunga lithiamu mbili za Ah 200 moja kwa moja kwa waya za zamani. Alikuwa ametia nanga kwenye mkondo wa ndani, jua hakuna, akawasha mashine ikae polepole ili ichaji. Nilipofungua kifuniko cha nyuma cha altaneta harufu ya vanishi iliyoungua ilinipiga usoni. Koili za stata zilikuwa nyeusi upande mmoja na za rangi ya shaba upande wa pili. Nikapima dayodi kwa multimita: mbili zinapitisha pande zote, moja haipitishi kabisa. Waya ya chanya kutoka altaneta ilikuwa imelainika plastiki yake mpaka ukiibonyeza kwa kidole inabaki na alama. Na betri? Nzima kabisa, zinameremeta. Zilikula kila kitu zikaomba zaidi.

Ile waya ndiyo iliyonitia hofu kuliko altaneta. Altaneta unanunua nyingine.

Kuna njia ya pili kwa wenye mashine kubwa: regulata ya nje yenye kihisi cha joto, Balmar na Wakespeed wanazitengeneza. Altaneta ikipata joto regulata inaishusha yenyewe. Ni nzuri kwa mtu anayetaka chaji nyingi kutoka kwa mashine, lakini inataka altaneta ifunguliwe na ibadilishwe ndani, na gharama si ndogo. Kwa boti nyingi za hapa kwetu DC-DC ya ampia 30 inatosha. Neno moja tu: chaja hizo zenyewe zinapata joto sana. Usiifunge ndani ya kabati lisilo na hewa, na usiifunge juu ya betri.

---

NahodhaWaKusi

Ahsante sana fundi, hilo la joto la chaja ni muhimu. Yangu nimeifunga wima kwenye ubao, mapezi yake yakielekea juu, na nimeacha upana wa kiganja kila upande.

---

BintiPangani

Kaka habari, mimi tuna jahazi dogo la familia tunalolikodisha kwa wageni. Baba yangu anakataa lithiamu kabisa, anasema zinalipuka, ameona video za simu na pikipiki za umeme zinawaka. Wageni wanalala chini, sisi tunalala juu. Nimwambie nini ambacho si cha kumdanganya?

---

NahodhaWaKusi

Dada, baba yuko sahihi kuogopa moto kwenye jahazi la mbao.

Mweleze kwamba lithiamu si kitu kimoja. Simu na pikipiki nyingi zinatumia zenye kobalti au nikeli, ambazo zikipata joto kali zinatoa oksijeni yake zenyewe na moto hauzimiki. LiFePO4 ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, yule aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2019, na fosfeti yake inashika oksijeni kwa nguvu zaidi. Ni ngumu zaidi kuwaka. Haimaanishi haiwaki kabisa, na ikiharibika inaweza kutoa gesi zinazoshika moto. Betri za kienyeji zilizounganishwa kutoka seli za kompyuta mpakato usizikubali jahazini hata kwa bure.

Lakini mweleze na hili: kwenye boti moto wa umeme mara nyingi hauanzii kwenye betri yenyewe. Unaanzia kwenye nati iliyolegea, lagi iliyobanwa kwa nyundo, waya mwembamba kuliko mzigo wake, maji ya chumvi kwenye kiungo. Hayo yapo jahazini kwenu sasa hivi na betri ya risasi. Lithiamu inayafanya kuwa makali zaidi kwa sababu inatoa umeme mwingi bila kuchoka.

Na kuhusu wageni kulala chini. Mwaka 2019 kule California boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliwaka usiku ikiwa imetia nanga, wakafa watu 34 waliolala chini. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha moto ulianzia kwenye nini. Walichokishika ni kwamba hakukuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku, na njia za kutokea zote zilielekea mahali pale pale penye moto. Nakuomba dada, kabla ya suala la betri, hakikisha jahazini kuna mtu macho usiku, kengele ya moshi kule chini, na njia ya pili ya kutoka. Halafu chaji za simu za wageni ziwe sehemu moja juu, mahali panapoonekana, wasichaji vitandani.

---

BintiPangani

Nashukuru sana kaka. Nimemsomea baba yote. La zamu amekubali hapo hapo, la betri amesema atafikiria.

---

DagaaKigoma

Wakuu mimi niko ziwani Tanganyika, sina friji wala altaneta. Tunavua dagaa kwa taa. Tuliacha karabai zamani, sasa tuna taa za LED mbili za wati 30 na betri ya risasi. Kila asubuhi kijana anaibeba kichwani kupandisha mlima kwenda kuchaji, jioni anaishusha. Je, hii lithiamu inanihusu au ni ya watalii?

---

NahodhaWaKusi

Mkuu, inakuhusu kuliko sisi wote humu, maana mambo yote ya altaneta niliyoyaandika wewe huna.

Wati 60 kwa masaa kumi ni wati-saa 600. Gawa kwa volti 12.8, ni karibu Ah 47. Betri ya Ah 50 itakuwa inaishia ukingoni kila usiku na alfajiri itakata taa, kwa hiyo chukua ya 100, tumia nusu, itaishi miaka mingi. Kilo 11 kichwani mwa kijana badala ya zaidi ya 25. Na inajaa haraka: chaja ya ampia 20 inairudisha kwa masaa mawili na nusu hivi.

Mambo ya kuzingatia ni machache. Chaja ya huko mlimani iwe ya lithiamu, inayoishia volti 14.4 au 14.6. Zile chaja za risasi zenye hatua ya kusafisha betri zinapandisha volti kupita 15, na BMS itakuwa inakata kila siku. Weka fyuzi ndogo ya ampia 10 au 15 kwenye waya wa taa, hapo pale kwenye temino. Na betri isikae chini kwenye maji ya mtumbwi hata kama imeandikwa IP67, yaani haiingizi maji. Boksi la plastiki lenye kifuniko, lifungwe kwa kamba kwenye ubao, mtumbwi ukipinduka isizame.

---

FundiWaMtwapa

Naongeza kwa ndugu wa Kigoma: taa zikizimika ghafla betri haijafa, BMS imekata kwa sababu volti zimeshuka. Ukipima kwenye temino utaona sifuri au karibu na sifuri, na chaja nyingine zikiona sifuri zinakataa kuanza. Tafuta chaja inayoweza kuamsha lithiamu. Nimeona watu wametupa betri nzima kwa sababu hii.

---

Mchukuzi77

Swali la haraka. Dukani kwetu kuna betri za ukutani za sola ya nyumbani, volti 51.2, Ah 100, kwa bei nzuri kuliko hizo za volti 12 ukigawa kwa wati. Siwezi kuweka hiyo moja nikaishusha kwa kigeuzi?

---

NahodhaWaKusi

Kwa umeme inawezekana, kwa bahari sikushauri. Boksi la ukutani lina matundu ya hewa, halikuundwa kwa chumvi wala kutikiswa na mawimbi, na taa zako zote, redio na pampu zitategemea kigeuzi kimoja. Kikifa usiku, vyote vimekufa. Nyumbani ni nzuri, iache nyumbani.

---

Sitaha_Juu

Mimi nimeshanunua moja ya Ah 100 na nina inveta ya wati 2,000 ya kuchemshia maji na kuendesha mashine ya juisi. Nikiwasha birika, betri inakata. Muuzaji anasema inveta mbovu.

---

NahodhaWaKusi

Inveta yako haina kosa. Soma maandishi ya betri: BMS yake ni ya ampia 100. Mara volti 12.8 ni wati 1,280, hapo ndipo mwisho wake. Birika la wati 1,800 au zaidi linataka karibu ampia 160 kutoka kwenye betri. Unahitaji betri mbili sambamba, na hata hapo usizizoeshe kukaa ukingoni.

Ukiongeza ya pili, ni ile ile, uwezo ule ule. Kabla ya kuziunganisha jaza kila moja peke yake mpaka mwisho, ndipo uziunganishe, vinginevyo iliyojaa itaimwagia iliyopungua kwa nguvu. Waya za kutoka kila betri kwenda kwenye basba (kipande cha shaba cha kukusanyia waya) ziwe na urefu sawa. Ukichukua chanya na hasi zote kutoka betri moja, hiyo ndiyo itakayofanya kazi zaidi. Waya wa inveta yako uwe angalau milimita za mraba 50, na mfupi.

Kuna jambo jingine. Inveta kubwa ikiunganishwa mara ya kwanza inavuta umeme mwingi ghafla kujaza kapasita zake, na BMS inaweza kudhani ni shoti. Swichi yake iache imewashwa muda wote kwa upande wa betri, uzime kwa kitufe cha inveta.

---

MzeeWaNgama

Mimi nauliza tena, msinichoke. Umesema hiyo bodi inakata bila kumuuliza mtu. Sasa niko mkondo wa Pemba usiku, kusi inavuma, bodi inakata. Taa za njia zimezimika, redio imezimika, pampu imesimama. Risasi yangu ingefifia taratibu nikaona.

---

NahodhaWaKusi

Mzee, hilo ndilo swali zito kuliko yote kwenye uzi huu, na wauzaji hawaligusi.

Risasi inakuonya kwa kufifia. Lithiamu inakaa volti 13.2, 13.1, saa baada ya saa, kati ya asilimia 90 na 30 tofauti ni ya desimali tu, halafu mwishoni inadondoka na BMS inafunga mlango. Kwa volti huwezi kujua umebakiwa na nini. Marekani, baraza la viwango vya boti, ABYC, lilitoa kiwango cha lithiamu kiitwacho E-13 mwaka 2022, na moja ya mambo yake ni kwamba mfumo umwonye nahodha kabla ya kukata. Betri nyingi za bei nafuu hazina onyo hilo. Zina Bluetooth tu, na usiku kwenye mawimbi nani anashika simu?

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nina betri mbili zenye BMS mbili, mojawapo ikikata nyingine inabaki. Hasi zote za boti zinapita kwenye shanti, hakuna waya hata mmoja unaoikwepa, na mita yake inahesabu Ah zinazoingia na kutoka. Nimechukua mita yenye king'ora, BMV-712 ni mfano, nimeiweka ilie ikifika asilimia 25. Na la tatu, taa za njia, redio ya VHF na pampu moja ya ngama zina swichi yao ya kuhamia kwenye betri ya kuwashia. Swichi iko karibu na usukani, mabaharia wote wanaijua, na tumeijaribu gizani.

Bila hilo la tatu, mimi nisingevuka usiku na lithiamu.

---

MzeeWaNgama

Hapo umenijibu. La swichi nitalifanya hata kwenye risasi yangu.

---

Sitaha_Juu

Ahsante nahodha kwa yale ya inveta. Mipangilio ya chaja ya sola umeweka ngapi? Na masika boti ikipandishwa pwani unazifanyaje?

---

NahodhaWaKusi

Kujaza 14.2, inakaa hapo nusu saa, halafu inashuka 13.4. Mara mojamoja naipandisha 14.4 ili BMS ipate nafasi ya kusawazisha seli, kwa sababu nyingi zinasawazisha zikiwa juu tu. Hatua ya kusawazisha ya betri za maji nimeizima, na ile ya kurekebisha volti kwa joto nimeizima pia, hiyo ni ya risasi. Kwa sola zangu za wati 400 siku ya jua inaingia kama Ah 115, karibu sawa na tunayotumia.

Masika: kuziacha zimejaa kwenye joto miezi miwili kunazizeesha. Nazishusha mpaka karibu nusu, natoa waya za chanya, nazipeleka nyumbani kwenye kivuli. Boti ikibaki majini na pampu inahitajika, basi acha sola ifanye kazi lakini shusha volti ya kujaza mpaka 13.6 hivi. Kabla ya kurudi kazini kaza nati zote upya kwa spana, futa temino, paka grisi.

---

FundiWaMtwapa

Na mkishindwa kupata Class T kwa sasa, zipo fyuzi za kukaa juu ya temino zenyewe, MRBF, zinakata mpaka ampia 10,000 kwenye volti 12. Kwa betri moja au mbili za Ah 100 ni afadhali mara mia kuliko ile ya gari. Nunueni na za akiba, ikikatika Pemba hamtaipata dukani.

---

NahodhaWaKusi

Naunga mkono fundi. Zangu za akiba ziko kwenye kopo pamoja na spana yake, pembeni ya betri. Sitaha_Juu, ukishapata betri ya pili weka hapa picha ya mpangilio wako kabla hujafunga waya wa mwisho, tuukague pamoja.